Albamu ya Joey Ramone ya peke yake: ina mzuka kweli au tunamsifia tu marehemu?

mpiga_kodi_tatu (mtoa mada)

Wakuu salaam. Nyie wazee wa punk rock naomba mnisaidie, mimi kwenye hii miziki bado mchanga, nimeingia kwa mlango wa Ramones, ile bendi ya New York, kama mwaka hivi, nikaanza na ile albamu yao ya kwanza ya 1976, nyimbo 14 na nusu saa hata haijafika, nikabaki mdomo wazi. Toka hapo nazifuata moja moja kama mtu anayekula karanga.

Sasa wiki iliyopita nimekutana na albamu ya mwimbaji wao Joey Ramone peke yake, Don't Worry About Me, ya 2002. Naibonyeza sina hili wala lile, gitaa zikaanza kunguruma nikajua aah hii ni Ramones ambayo sijawahi kuiskia, halafu jamaa anafungua mdomo naskia What a Wonderful World!! Ile ile ya Louis Armstrong, ile ya taratibu ya kumlaza mtoto, leo imevaa koti la ngozi inakimbia barabarani. Nimeirudia mara tano kabla hata sijagusa wimbo wa pili, wallahi.

Shida ni kaka yangu mkubwa, yeye ndo alinifundisha kushika gitaa na kwa kawaida akisema kitu nakubali. Nikamwekea, akasikiliza nyimbo tatu akavua hedifoni akaniambia "hii mnaisifia kwa sababu jamaa alishakufa ilipotoka, angekuwa hai mngeipita kama hamjaiona". Imeniuma ila jibu sikuwa nalo. Kwahiyo nauliza kiukweli, hii albamu ina mzuka wake yenyewe au ni huruma tu inatusikilizia? Na kama kuna waimbaji wengine wa punk waliotoka kwenye bendi wakafanya vyao bila kupoa nitajieni, maana wengi naona wakibaki peke yao wanashika gitaa la mbao wanaanza kulia.

---

Mzee_wa_Kaseti

Mtoa mada karibu sana, na msalimie kaka yako, huyo ana sikio ila ana haraka.

Kwanza nikuwekee msingi maana bila huo hii albamu huielewi. Joey jina lake la kuzaliwa ni Jeffrey Hyman, kazaliwa 1951 New York, mtoto wa Forest Hills kule Queens, mrefu kama mlingoti na mwembamba, miwani ya giza, nywele zimefunika uso. Ramones walivyoanza 1974 yeye hata hakuwa mwimbaji, alikuwa nyuma kwenye dramu, baadae ndo wakaona huyu mtu sauti yake ni ya mbele. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa kama dola 6,400 tu. Halafu kuanzia hapo ni barabara, maonyesho 2,263 mpaka lile la mwisho tarehe 6 Agosti 1996 Hollywood. Piga hesabu mwenyewe, miaka 22, hao watu walikuwa wanaishi ndani ya van.

Na ndani ya van hiyo Joey na Johnny wa gitaa hawaongei. Johnny alimchukua mpenzi wa Joey akamuoa, na bado wakaendelea kupanda jukwaa moja miaka na miaka, mmoja kulia mmoja katikati, bila salamu. Mimi ndoa yangu ya kwanza haikufika hata robo ya uvumilivu huo lakini tuyaache.

Sasa sikia, bendi inavunjika 1996 Joey tayari ana limfoma, saratani ya limfu. Nyimbo za hii albamu kazirekodi akiwa anapambana nayo, na prodyuza wake ni Daniel Rey ambaye alishafanya kazi na Ramones wenyewe, ile ya 1987 na ile yao ya mwisho ya 1995. Joey akafariki tarehe 15 Aprili 2001, umri 49, bado mwezi mmoja tu afike 50. Albamu ikatoka Februari 2002, na Machi ya mwaka huo huo Ramones wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, lile jumba la heshima la magwiji wa rock. Kwahiyo kaka yako ana hoja kwenye kitu kimoja, ilitoka wakati dunia nzima inamkumbuka, hakuna mkosoaji aliyekuwa na roho ya kumpiga mtu aliyelala kaburini. Marehemu hasemwi vibaya.

Ila hiyo inaeleza kwa nini walisifia 2002. Wewe umeisikiliza juzi na ulikuwa hujui hata kama alikuwa mgonjwa, si ndio? Na ukarudia mara tano.

---

mpiga_kodi_tatu

Shikamoo mzee. Nilijua amefariki ila huo ugonjwa wakati anarekodi sikuujua kabisa. Duh.

---

besi_nyaya_nne

Mzee kaseti kamaliza historia, mimi niingie jikoni kidogo maana napiga besi na hii albamu nimeipiga yote mwanzo mpaka mwisho chumbani kwangu majirani ni mashahidi.

Watu wanachanganya mzuka na spidi. Ukiweka hii albamu pembeni ya Ramones wa 1977 utaona nyimbo nyingi humu hazikimbii hivyo, ni spidi ya kati, lakini mwili unasikia kama zinakimbia. Kwa nini? Ramones mzuka wao ulikuwa kwenye mkono wa Johnny, mkono unashuka tu haupandi, mapigo nane kwa kila baa (kipimo kimoja cha mdundo), wimbo mzima, jaribu dakika mbili uone kiwiko kitakavyokuimbia. Ule mkono humu haupo. Humu gitaa ni Daniel Rey mwenyewe, besi ni Andy Shernoff wa bendi ya Dictators, dramu ni Frank Funaro na kuna nyimbo Marky Ramone, mpiga dramu wa Ramones, kakaa. Hawa watu wanapiga rock and roll ya kawaida kabisa, kodi zilezile tatu (za gitaa, za serikali mimi sizijui) lakini wanaziachia zipumue kidogo, na ile nafasi iliyobaki Joey ndo anaijaza kwa koo. Yani kwenye Ramones sauti yake ilikuwa inapanda juu ya treni, humu sauti ndo injini.

Chukua huo huo wimbo wako wa kwanza. Ule wa Armstrong unabembea kwa tatu tatu, taratibu, vinanda vimetandikwa kama godoro. Hawa wamenyoosha nne kwa nne, wametoa godoro lote wakaweka sakafu. Maneno hawajagusa hata moja. Na Joey haimbi kwa dhihaka, sikiliza vizuri, hakuna kicheko ndani. Wale wa punk wengi wakichukua wimbo wa zamani wa taratibu wanautania, wanaimba kama walevi tuone wao wajanja. Joey kauimba kama anamaanisha, na hapo ndo nywele zinasimama.

Alafu kitu kingine watu hawajui, huo wimbo mwenyewe ulipotoka 1967 Marekani haukuuza kabisa, Uingereza ndo ukawa namba moja 1968. Kwahiyo ni wimbo uliozoea kuchelewa kupendwa hahaha.

---

sikio_kavu

Naomba niwe adui kwenye huu uzi maana naona mnabembelezana.

Albamu ina nyimbo 11, dakika kama 35. Ukitoa ule wa kwanza, ukitoa ule unaoitwa 1969 ambao ni wa bendi ya Stooges, sio wake, zinabaki tisa. Kwenye tisa, mimi nahesabu nne za kusimama. Mr. Punchy ni utani wa studio umesahaulika kwenye mkanda, samahani kwa wanaoupenda. Like a Drug I Never Did Before ni kiitikio kinatafuta wimbo. Venting, jamaa analalamika dunia imebadilika, sawa mzee tumekusikia. Na sauti ya gitaa ni safi mno, imeoga imepaka mafuta, mimi nataka ile ya 1976 inayonuka chumba cha chini.

Joey nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Lakini mtoa mada kauliza ina mzuka wenyewe au huruma, jibu langu ni nusu kwa nusu, na kaka yake msimpige mawe.

---

besi_nyaya_nne

@sikio_kavu Mr. Punchy ni salamu kwa muziki wa Waingereza wa miaka ya 60 ambao Joey alikua akiusikiliza redioni, jamaa alikuwa kichaa wa Herman's Hermits na The Who na vikundi vya wasichana kama Ronettes. Ndo maana kamwita Captain Sensible wa Damned, bendi ya punk ya Uingereza, aje apige kelele humo. Unaweza usiupende ila sio kwamba umesahaulika, umewekwa kwa makusudi.

---

sikio_kavu

Kuwekwa kwa makusudi ndo kosa lenyewe mkuu

---

chura_wa_moshpit

😂😂😂 hapo kakupiga kwenye mshono

---

mpiga_kodi_tatu

Hahaha jamani. Haya nina swali la kijinga. Ule wimbo wa nne, Maria Bartiromo, huyo Maria ni nani? Ni demu wake? Maana kiitikio anaita jina zima na ukoo kama mwalimu anaita mahudhurio. Nimeupenda bila kuuelewa.

---

dada_distoshen

Mdogo wangu sio demu wake 😄 Maria Bartiromo ni mtangazaji wa habari za uchumi, wakati ule alikuwa kituo cha TV cha CNBC, alikuwa anatangaza moja kwa moja kutoka ndani ya ukumbi wa soko la hisa New York, madalali wanapiga kelele wanamsukuma huku yeye anasoma bei. Na Joey miaka yake ya mwisho alikuwa amejitumbukiza kwenye hisa. Yani mtu aliyeimba kuhusu kunusa gundi anakaa nyumbani asubuhi na TV anafuatilia hisa zake zimepanda au zimeshuka, na anamzimia mtangazaji. Kaandika wimbo wa mapenzi kwa mtu wa taarifa ya soko!

Mimi huu wimbo nauona ndo roho ya albamu kuliko hata ule wa kwanza mnaoushangilia, na naomba nieleze maana huwa nabishana na watu. Fikiria maisha yake wakati ule. Bendi hakuna. Ziara hakuna. Ni mtu aliyeishi miaka 22 barabarani sasa yuko ndani, anatoka kwenda kwa daktari anarudi. Mgonjwa wa muda mrefu siku yake ni nini, ni televisheni. Ukishawahi kuuguza mtu utajua, kuna kipindi fulani cha TV kinakuwa ndo saa yake, kikianza anakaa vizuri kwenye mto, anachana nywele. Joey hiyo saa yake ilikuwa Maria. Angeweza kuandika wimbo wa huzuni, mimi niko nyumbani naumwa natazama TV, wote tungelia. Yeye kaandika wimbo wa kurukaruka, wa shule, wa kijana wa miaka 16 aliyependa msichana asiyemjua. Hajasema neno moja kuhusu ugonjwa na bado ugonjwa wote umo humo ukijua pa kuutafuta.

Halafu unasogea mpaka wimbo wa tisa, I Got Knocked Down (But I'll Get Up). Hapo sasa kasema. Yuko kwenye kitanda cha hospitali, kachoka, anasema anataka maisha yake. Na msione kichwa cha wimbo kinasema nitainuka mkadhani ni wimbo wa kupiga ngumi hewani. Sikilizeni mwanzo wake, mtu amekasirika. Hana busara ya mgonjwa, haongei kama mtakatifu, ana hasira kama mtu aliyecheleweshewa basi. Mimi nimemuuguza mama yangu miaka miwili na hicho ndo kitu ambacho hakuna wimbo mwingine wa ugonjwa uliwahi kunipa, ile hasira ya kawaida ya "hii inanikera mno". Wote wanaandika kuhusu hofu na amani. Kero hakuna anayeiandika.

Kwahiyo @sikio_kavu usiniambie nyimbo nne. Hizo mbili tu zinatosha kuibeba.

---

sikio_kavu

Dada hiyo ya tisa ilikuwa kwenye zile nne zangu, sijasema haipo. Hiyo ya Maria naenda kuirudia. Pole na mama.

---

dada_distoshen

Asante. Alipona, sasa hivi yeye ndo ananiuguza mimi kwa maneno.

---

Mzee_wa_Kaseti

Dada umenitoa machozi halafu ukanichekesha, sio haki.

Niongeze kitu kimoja kwenye hilo la huruma kisha nijibu swali la pili la kijana. Mwaka 1999 Joey huyu huyu mgonjwa, yeye na Daniel Rey, walimtengenezea Ronnie Spector nyimbo zake za kurudi, huyo ndo sauti ya Ronettes, msichana ambaye Joey alimsikia redioni utotoni akapagawa. Sasa mtu anaumwa, albamu yake mwenyewe haijaisha, anakwenda kumpigia kazi mtu mwingine. Huo mzuka haukuwa wa kuigiza kwa ajili ya maikrofoni, jamaa ndivyo alivyokuwa, alikuwa shabiki kuliko alivyokuwa staa. Na ndo maana mimi ile albamu naisikia kama ya shabiki. Wimbo wa Armstrong, wimbo wa Stooges, salamu kwa Waingereza, mtangazaji wa TV. Kajaza vitu anavyovipenda.

Haya, waliotoka bila kupoa. Kijana umetaja mwenyewe bila kujua, maana 1969 ni wa Stooges na wa Stooges kiongozi wake ni Iggy Pop. Nenda kachukue Lust for Life ya 1977. Usianze na nyingine.

Stooges walishavunjika, Iggy alikuwa kaharibika na dawa za kulevya mpaka kaingia mwenyewe hospitali ya akili Los Angeles. David Bowie akamchukua wakaenda Ulaya, wakahamia Berlin Magharibi. Mwaka huo 1977 tayari walishatoa The Idiot mwezi Machi, hiyo ni ya giza, ya mashine, sauti ya Bowie imejaa humo. Halafu wakaenda ziara, Bowie anampigia Iggy kinanda pembeni kama mfanyakazi wa kawaida, na waliporudi Iggy akawa na moto wa jukwaani bado mwilini, wakaingia studio ya Hansa karibu kabisa na ule Ukuta wa Berlin, wakaimaliza kwa muda kama wiki na siku. Maneno mengi Iggy aliyatunga amesimama mbele ya maikrofoni palepale. Kama unataka kujua mzuka unarekodiwaje, jibu ni hilo, usimpe mtu nafasi ya kufikiri mara mbili.

Na ule mdundo wa wimbo wa jina la albamu, dum-dum-dum dum-da-dum-dum, unajua ulitoka wapi? Walikuwa nyumbani wanasubiri kipindi kwenye TV ya jeshi la Marekani kule Berlin, ile alama ya kituo ilikuwa inapiga mlio wa aina hiyo kama simu ya maandishi ya zamani, Bowie akachukua ukulele akaanza kuufuata. Ukulele! Kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Kisha Hunt Sales akaja akaupiga kwenye dramu kama anavunja nyumba, kaka yake Tony kwenye besi.

---

besi_nyaya_nne

Hunt Sales kwenye ule wimbo ni moto wa kuotea mbali. Zaidi ya dakika nzima hakuna mtu anaimba, dramu na besi ndo zinakukokota na huchoki. Siku hizi prodyuza gani atakuachia dakika nzima bila sauti, watu washaruka wimbo wa pili.

---

Mzee_wa_Kaseti

Na bahati yake mbaya sasa. Elvis akafariki tarehe 16 Agosti 1977, na Elvis na Iggy wako lebo moja, kampuni ya rekodi ya RCA. Albamu ya Iggy inatoka wakati ule ule, viwanda vyote vinachapa santuri za Elvis usiku na mchana kwa sababu dunia nzima inazitaka. Nani atamchapia Iggy? Ikabaki inasuasua. Watu wengi wamekuja kuujua ule wimbo 1996 kupitia filamu ya Trainspotting, miaka 19 baadae.

Kwahiyo mwambie kaka yako, kifo cha mtu kinaweza kumsaidia mmoja kama anavyodai, na kikamfukia mwingine aliye hai kabisa.

---

chura_wa_moshpit

Mzee wewe ni maktaba inayotembea. Mimi natupia Billy Idol, ile ya kwanza kabisa ya 1982. Jamaa katoka Generation X, bendi ya punk ya London tangu 1976, akahamia New York, akamkuta Steve Stevens na gitaa lake linalolia kama ndege za kivita, White Wedding, kwisha habari.

---

sikio_kavu

Billy Idol sio punk. Ni tangazo la jeli ya nywele.

---

chura_wa_moshpit

Nilijua utakuja 😂 swali la mtoa mada sio nani punk, ni nani alitoka kwenye bendi ya punk asipoe. Jamaa kapoa? Kajaza viwanja vya michezo akiwa kakunja mdomo. Tena prodyuza wake Keith Forsey alitokea kwenye disko, alikuwa anapiga dramu kwenye kazi za Giorgio Moroder, ndo maana zile nyimbo zinakaza kiuno. Mzuka ni pamoja na kiuno mkuu, wewe unasikiliza kwa shingo tu.

---

sikio_kavu

Kwenye kiuno sina hoja ya kujibu. Mimi nampa kijana Mike Ness wa bendi ya punk ya Social Distortion, albamu ya Cheating at Solitaire, 1999. Ni kantri na rokabili, kwahiyo ndo lile gitaa la mbao alilokuwa analiogopa, ila jamaa halii. Anaimba kama anakudai hela. Bruce Springsteen kamtembelea humo, Brian Setzer pia.

---

dada_distoshen

Kama tunaongelea waliotangulia kabla albamu haijatoka basi Joe Strummer wa The Clash, bendi ya punk ya London, lazima. Alifariki ghafla Desemba 2002, umri 50, moyo. Albamu yake Streetcore ikatoka 2003, wenzake Martin Slattery na Scott Shields ndo walioimalizia kutoka kwenye vipande alivyoacha. Kwenye karatasi ni ya Joe Strummer na Mescaleros, bendi yake ya baadae, kwahiyo sio solo ya moja kwa moja, mwenye kubisha abishe. Ila sikiliza ule wa kufungua, Coma Girl, halafu uniambie kama huyo ni mtu aliyekuwa amechoka. Tofauti yake na Joey ni kwamba Joe hakujua. Joey alijua, au angalau alijua inawezekana, kila siku aliyoingia studio.

Na huwa najiuliza ningekuwa mimi, najua, ningeenda kurekodi wimbo kuhusu mtangazaji wa hisa? Ningeandika barua ndefu kwa kila mtu, kurasa na kurasa. Yeye jina la albamu kaweka "msiwe na wasiwasi na mimi", na ukisikiliza ule wimbo wa jina hilo, wa mwisho kabisa, unakuta wala sio wa kuaga, ni wa mtu anaachana na mpenzi wake. Sijui nani alichagua uwe jina la albamu ila mkono wake niupate niubusu, au niukate.

---

mpiga_kodi_tatu

Wakuu nimesoma kila kitu, nimesoma mara mbili. Jana usiku nimeweka Lust for Life, mzee kaseti Mungu akuweke, nilikuwa naosha vyombo nikavunja kikombe kwa sababu ya Hunt Sales.

Kuhusu kaka. Nilimsomea maneno ya dada distoshen kuhusu wimbo wa tisa, akanyamaza, akasema "weka". Akausikiliza wote safari hii. Akasema gitaa bado ni safi mno. Nikamwambia kuna mtu kwenye uzi kasema hivyo hivyo, akafurahi sana, akaniambia huyo mtu ana akili. Zaidi ya hapo hajakubali kitu. Ila ule wa Armstrong ameniomba nimwonyeshe kodi zake, anasema ni kwa ajili ya mazoezi ya vidole.

Swali la mwisho, naona kuna albamu nyingine ya Joey ya 2012, ...Ya Know?. Hiyo ilitoka wapi, mtu kafariki 2001?

---

besi_nyaya_nne

Hiyo ni kutoka kwenye kanda za majaribio alizoacha. Mdogo wake, Mickey Leigh, ndo aliyesimamia, wakaja watu wakapiga vyombo juu ya sauti yake, yule mwanarock Joan Jett yumo. Kuna nyimbo nzuri sana ila ni kitu tofauti, ile ya 2002 Joey alikuwa chumbani wakati inapigwa, hii hakuwepo, na sikio linajua japo huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi.

---

sikio_kavu

Mimi hiyo ya 2012 naipenda kuliko ya 2002.

---

dada_distoshen

WEWE

---

Mzee_wa_Kaseti

Jamani hiyo fungueni uzi wake, huu tayari una watu wanavunja vikombe. Sikio kavu, Maria uliirudia?

---

sikio_kavu

Niliirudia. Sasa ni tano.